Kifuniko cha Cherehani

Hakuna aliyemtuma bimkubwa kuosha nyumba. Aliamka akajikuta peke yake, mwanawe kesha kwenda kuosha vyombo katika jiko la hoteli, mkwewe kesha kwenda kufagia ofisi za watu, akaitazama sakafu ya chumba chao cha chini na kuona haya kwa niaba ya wote. Tangu waingie nchi ile, sakafu ilikuwa ikipanguswa tu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti, kama mtu anayejifuta midomo baada ya kula. Yeye alilelewa akijua kwamba nyumba huoshwa. Vitu hutolewa nje vikapigwa jua, maji yakamwagwa, ufagio ukapita, na mwenye nyumba akaketi kivulini kungoja pakauke.

Basi akatoa vitu. Akatoa godoro, zulia, viti viwili, na mwisho cherehani ya mkono ya mkwewe, ile waliyosafiri nayo ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi huku vitu vingine vyote wakiviacha. Kifuniko chake cha mbao alikivua akakiweka dirishani ili akipanguse ndani. Cherehani yenyewe akaiweka kando ya njia, pale jua lilipokuwa zuri zaidi, na juu yake akaweka furushi lililofungwa kwa shuka safi. Alijua kilichomo. Lilikuwa gauni la muuguzi anayekaa ghorofani, ambalo mkwewe alikuwa amelifumua ili kulipunguza. Siku ile ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi muuguzi alikuwa aende nalo harusini kwa mdogo wake. Ilikuwa kazi ya kwanza ya maana tangu mkwewe afike, na tayari alikuwa akiota kuacha kufagia ofisi.

Bimkubwa akamwaga ndoo ya kwanza, akamwaga ya pili. Hapo ndipo alipogundua kwamba nyumba za nchi ile hazina pa kutokea maji. Hakuna mteremko, hakuna tundu, na mlangoni pana kizingiti kirefu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini bimkubwa aliyazoa. Aliyazoa kwa taulo, kwa fulana kuukuu ya mwanawe, akipiga magoti na kukamulia kwenye ndoo, huku akimlaani fundi aliyejenga nyumba kama bakuli. Alipounyoosha mgongo na kutoka nje, godoro lilikuwapo na zulia lilikuwapo. Kiti kimoja kilikuwa kimekwenda. Cherehani nayo ilikuwa imekwenda, pamoja na furushi lake.

Akapiga yowe. Kwao, yowe kama lile lingeutoa mtaa mzima nje, wengine na miiko mkononi. Pale mwanamke mmoja aliyekuwa akija upande wake alivuka akapita upande wa pili wa barabara.

Mkwewe, ambaye mumewe na marafiki walizoea kumwita Fundi, alimkuta ameketi juu ya godoro kando ya barabara.

"Mama, mbona uko nje? Kuna nini?"

"Nimeosha nyumba, mwanangu."

"Cherehani iko wapi?"

Bimkubwa akatazama mikono yake.

"Mama, nakuuliza. Cherehani iko wapi?"

"Niliitoa ipate jua kidogo. Nikaingia kukausha maji. Kutoka, sikuiona."

"Na gauni la watu?"

"Lilikuwa juu yake."

Fundi aliingia ndani akakiona kifuniko dirishani. Akakiinua, ingawa alijua hakuna kitu chini yake. Kisha akageuka, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Nani alikutuma, mama? Eti nani alikutuma? Kazi yako hapa ni kukaa tu! Kukaa tu nako kunakushinda?"

Tangu aolewe hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti. Bimkubwa naye hakuwa mtu wa kulazwa na neno. Kwao alijulikana kwa kulijibu kabla halijamaliza kusemwa. Siku hiyo aligeuka tu kulifuata godoro. Alilikokota godoro ndani peke yake, akakataa kusaidiwa, akaenda kuketi kwenye kona yake nyuma ya pazia.

Jioni mume alirudi na Mzoefu. Huyu alikuwa rafiki yao aliyetangulia kuingia nchi ile miaka mingi, na kila sentensi yake ilianza na neno "hapa". Haki yake apewe: ndiye aliyewatafutia chumba, ndiye aliyewaonyesha taka zipi zinaingia pipa lipi na namna ya kupanda basi bila kuaibika. Bila yeye wangelala stesheni. Lakini pamoja na hayo aliwajaza makatazo mengi mpaka wakawa wanatembea kwa kuibiaibia. Hapa usimsalimie usiyemjua. Hapa usigonge mlango wa mtu. Hapa ukitaka kuuliza kitu, jiulize mwenyewe kwanza, na ukishajiuliza, nyamaza.

Alipokwisha kusikiliza kisa chote, alikuna kidevu.

"Hapa ukikiri kosa umekwisha," alisema. "Mwambie gauni limeungua na pasi. Ajali wanaielewa."

"Atataka kuona lililoungua," alisema Fundi.

"Mwambie umelitupa."

"Halafu kesho akutane nalo barabarani limevaliwa na mtu?"

Mume alikuwa amesimama katikati yao, mikono bado imejikunja kwa maji ya sabuni ya hotelini. "Mke wangu, mwenzetu amekaa hapa siku nyingi. Anajua."

"Anajua kuogopa."

"Shemeji," alisema Mzoefu, wala hakuonekana kukasirika, "ukienda kwa wenye chongo, na wewe fumba lako moja."

"Moja nitafumba. Wewe unataka nifumbe yote mawili."

Mume karibu acheke. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nirudisheni nyumbani."

Wote watatu wakageuka. Bimkubwa hakufungua pazia.

"Nirudisheni. Kule kwangu nilikuwa na kuku wangu, nilikuwa na majirani zangu, nilikuwa na mahali pa kukosea. Mtu ukikosea unachekwa, yanaisha. Huku nikikosea mara moja nyumba nzima inaanguka. Sina faida hapa. Mkwe wangu amesema kweli."

"Mama, usiseme hivyo," alisema mwanawe.

Fundi alitaka kusema kitu pia. Aliona aibu, lakini hasira nayo ilikuwa haijashuka, na mbili hizo zikagombania mlango mmoja. Mwishowe alijifuta uso kwa kiganja, akatoka, akapanda ngazi kwenda kwa muuguzi.

Muuguzi alifungua mlango akiwa na sare ya kazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Fundi hakungoja kukaribishwa, kwa sababu alijua akingoja atarudi chini. Lugha ya pale alikuwa nayo ya viraka viraka, akaishona hivyohivyo.

"Gauni lako limepotea. Halikuungua. Tumeliweka nje pamoja na cherehani, mtu akachukua vyote. Kosa ni letu."

"Limepotea vipi? Nilikwambia Jumamosi."

"Ndiyo."

"Nilikwambia ni harusi ya mdogo wangu. Mimi ndiye ninayemsindikiza."

"Ndiyo. Ulisema."

Uso wa muuguzi ulikuwa umekwisha kuwaka. Alianza kusema jambo juu ya watu wanaopewa vitu wasivyoweza kuvitunza, na Fundi alilielewa lote, maana matusi ndiyo lugha ya kwanza mgeni kuielewa. Kisha muuguzi akajikatiza mwenyewe.

"Mliviweka nje wapi hasa? Mlangoni kwenu?"

"Kando ya njia. Penye jua."

Muuguzi akafumba macho. "Hamjaibiwa," alisema. "Mmetoa."

Akamweleza polepole, huku akivaa kile kiatu. Nchi ile hakuna mtu anayeanika vyombo vya ndani barabarani. Kitu kikiwekwa kando ya njia, mwenyewe ameshakiaga, na anayekitaka anakichukua bila kuuliza, tena anahesabiwa amefanya wema. Akagonga meza yake ya chakula kwa ukucha. "Hii niliiokota njia hiyohiyo."

Fundi aliitazama ile meza. Ilikuwa meza nzima, miguu yote minne.

"Cherehani ni nzito," muuguzi aliendelea. "Aliyeichukua hawezi kuwa mbali. Ulizeni."

"Tumeambiwa hapa watu hawagongewi milango."

"Hatupendi kugongewa, ni kweli. Lakini hatufi." Akachukua mkoba wake. Hakutabasamu. "Nimechelewa zamu. Nalitaka gauni langu."

Chini, Mzoefu alikuwa amekwisha kuaga. Fundi alimsimulia mumewe maneno yote, na mume akasema kesho akitoka kazini watazungukazunguka, japo hakujua wataanzia wapi wala watasema nini. Nyuma ya pazia bimkubwa alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Alisikia kila neno.

Asubuhi ya Ijumaa kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri na yeye hayupo. Dirishani kifuniko pia hakikuwapo.

Mume alirukia viatu vyake. Mama yake hakuwahi kuvuka kona ya duka la mikate peke yake, na maneno aliyoyajua ya lugha ile yaliishia "ahsante" na "baridi". Akakimbia kuelekea stesheni, viatu havijafungwa. Fundi akakimbia upande wa pili, na moyoni alikuwa na picha moja tu, bimkubwa ameketi kwenye benchi la mbali akingoja gari la kumrudisha kwao.

Lakini bimkubwa hakuwa amekwenda stesheni. Alikuwa akigonga milango. Alianza na jirani wa kushoto na kuendelea hivyo, mlango baada ya mlango, kifuniko kikubwa cha mbao amekikumbatia kifuani. Mlango ukifunguliwa alisalimia kwa lugha yake mwenyewe, kwa sababu salamu ni salamu, kisha akakionyesha kifuniko kilivyo kitupu, akazungusha ngumi yake hewani pembeni mwake kama anayeshona, akafungua kiganja kuuliza. Mmoja alimfungia mlango kabla hajamaliza. Mmoja alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa bila kuelewa kitu. Mlango wa nne, kijana mwenye haraka alitoa sarafu akaitumbukiza ndani ya kifuniko, ikalia kwenye mbao.

Hiyo ilimchoma. Bimkubwa alikuwa amezika mume, amesomesha watoto, hajawahi kunyoosha mkono kwa mtu. Akaiokota ile sarafu akamrudishia kijana kiganjani, akamfunga vidole mwenyewe. "Mimi siombi, baba," alimwambia. "Ninatafuta." Machozi yalikuwa karibu, lakini aliyameza akaenda mlango uliofuata.

Huko alikuta mwanamke akitoa kigari cha mtoto nje. Huyu alikitazama kifuniko, akaitazama ile ngumi ikizunguka, akaanza kucheka, si kwa dharau bali kwa furaha ya mtu aliyetegua kitendawili. Jana yake alikuwa amemwona mzee mmoja akisukuma toroli lenye kitu kama hicho. Akamshika bimkubwa mkono.

Fundi naye, huko alikokuwa, alikuwa amevunja makatazo yote ya Mzoefu. Alimsimamisha mtu wa kwanza aliyemwona. "Mama mzee. Ana sanduku la mbao. Umemwona?" Mtu yule akanyoosha kidole moja kwa moja. Mwenye mbwa alikuwa amemwona. Muuza magazeti alikuwa amemwona, akaonyesha hata namna alivyokuwa akizungusha ngumi. Mtaa ule ambao hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake usoni, kumbe kila mtu alikuwa ameona kila kitu.

Wakamwelekeza mpaka kwenye nyumba ndogo yenye maua mengi mbele. Mlango ulikuwa wazi. Ndani bimkubwa aliketi wima kwenye kiti, kikombe cha chai hajakigusa, kifuniko kiko mapajani. Mbele yake, juu ya meza ya dirishani, ilikaa cherehani, na juu ya cherehani chungu cha maua mekundu.

Mwenye nyumba alikuwa fundi bomba mstaafu, mikono mipana, masikio mekundu kwa aibu. Alipomwona Fundi, aliinuka akaanza kujieleza kwa kasi, ikabidi Fundi amwombe arudie polepole.

"Nilidhani mwenyewe amekufa," alisema. "Hapa mtu akifa, jamaa zake hutoa vitu vyake nje. Nikasema cherehani nzuri kama hii haiwezi kunyeshewa. Nikasema angalau nitaipa maua."

"Na gauni?"

Mzee akaonyesha nyuma ya mlango. Gauni la muuguzi lilikuwa limetundikwa kwenye hanga, limenyooka, na pini zake zote bado ziko mahali pake.

"Niliziona hizo pini zikanitisha," alisema. "Nikasema, maskini, amekufa akiwa kazini."

Fundi alipomtafsiria mama mkwe, bimkubwa aliangua kicheko, kicheko chake kile cha kwao cha kujipiga paja, ambacho katika nchi ile hakuna aliyekuwa amekisikia. Mzee naye akacheka bila kujua anacheka nini. Akaondoa chungu, akafuta alama ya maji kwa mkono wa shati lake, akaleta kopo la mafuta akatia tone tone kwenye kila kiungo cha cherehani huku akiizungusha taratibu. Kiti, alisema, hakukiona. Hicho alichukua mwingine, na mpaka leo hakijarudi.

Bimkubwa akainuka, akakishusha kifuniko juu ya cherehani, vifungo vikalia. "Haya," alisema. "Twende kazini."

Njiani, mzee akisukuma toroli nyuma yao, Fundi alimuuliza, "Ulimwambiaje, mama? Maneno ulipata wapi?"

"Sikumwambia neno. Mwenye akili akionyeshwa kifuniko, atauliza chungu chake."

Walimkuta mume mlangoni, amerudi kutoka stesheni. Alimkumbatia mama yake pamoja na baridi yake yote, kisha akakumbuka kazi akaondoka mbio.

Fundi hakwenda kufagia siku ile. Siku haikuwa ndefu na mishono ilikuwa mirefu. Cherehani ya mkono ina ubishi wake: mkono wa kulia unazungusha gurudumu, na wa kushoto peke yake unaongoza kitambaa. Kwa nguo ya kawaida inatosha. Kwa kitambaa cha gauni lile, chenye kuteleza kama sabuni, mkono mmoja ulikuwa ukishindwa, na Fundi alifumua mshono uleule mara ya pili, akauma mdomo.

Bimkubwa alikuwa amerudi kwenye kona yake. Pazia lilikuwa wazi.

"Mama."

"Naam."

"Njoo unizungushie."

Bimkubwa hakuinuka mara moja. "Nisije nikaharibu tena."

Fundi aliweka gauni chini, akamgeukia kabisa. "Jana nilisema vibaya, mama. Nilikuwa na hofu, nikaitupia kwako. Hukuja huku kukaa tu. Nisamehe."

"Nilishasamehe nikiwa mlango wa tatu," alisema bimkubwa. "Ule wa nne ndio uliotaka kunirudisha nyuma." Akavuta kiti kilichobaki na kuketi ubavuni mwa cherehani, akaushika mpini.

Wakashona. Fundi aliongoza kwa mikono miwili, akisema, "Polepole... haya, kimbia... hapo simama," na bimkubwa akazungusha, akasimama, akazungusha. Mshono ulitoka umenyooka. Ilipofika jioni walikuwa hawahitaji tena kusemezana. Mmoja aliinua kidole tu na mwenzake akaelewa.

Muuguzi alishuka kulijaribu. Alisimama katikati ya chumba, akageuka, akainua mikono juu. "Kwapa linabana kidogo," alisema. Fundi akalilegeza palepale, na muuguzi akageuka tena mbele ya kioo cha dirisha, akainua mikono tena, mara mbili. Alipokuwa akitoka alikitazama kile kiti kimoja na watu wawili. "Wenzangu kazini," alisema, "suruali za sare wanapewa ndefu mno. Nitawaambia."

Akawaambia. Walianza kuja mmoja mmoja, kisha wawili wawili.

Siku nyingine nzuri ya jua, nyumba ilioshwa tena. Waliosha safari hii kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, maana somo la maji lilikuwa limeingia, na vitu viliegemezwa ukutani kwao, mbali na njia. Bimkubwa aliketi mbele ya vitu hivyo kama askari wa zamu. Fundi bomba alipita akamwinulia kofia. Mwenye mbwa akasimama, mbwa akamnusa miguu. Mzoefu, aliyekuja na suruali yake ipunguzwe, alisimama pembeni akishangaa.

"Bimkubwa, hawa wote wanakusalimia?"

"Mimi nilianza. Sasa wanaanza wao."

Punde akaja msichana mwenye begi mgongoni, akapunguza mwendo. Akalitazama zulia, akakitazama kiti na aliyekikalia, akauliza jambo kwa adabu huku akionyesha kwa kidole. Bimkubwa alikuwa amengojea siku hiyo. Fundi bomba alikuwa amemfundisha sentensi moja, na alikuwa akiirudia kila asubuhi nyuma ya pazia. Akaitoa yote, taratibu, bila kukosea. Msichana akacheka, akaomba radhi, akaenda zake.

Fundi akachungulia dirishani, sindano mdomoni. "Anauliza nini, mama?"

"Anataka kujua kama tumetupwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia hapana, bado tunatumika."

"Basi ingia ndani," alisema Fundi. "Nina pindo refu hapa, na mkono mmoja hautoshi."